Eropleni Iliyojengwa Dunguni

Habiba amezikwa Minjila juma lililopita, lakini alama ya kidole gumba chake ninayo hapa nyumbani Garsen, juu ya kabati la vyombo, kwenye bawa la kushoto la eropleni isiyozidi urefu wa kiganja changu. Wajukuu hawaruhusiwi kuigusa. Mmoja wao, yule mwenye ulimi, aliniuliza siku moja, "Bibi, hii ulipewa tuzo ya nini?" Nikamwambia si tuzo, hii ndiyo shule yangu. Akacheka akidhani natania, nami nikacheka naye, maana kucheka hakunichoshi, lakini sikuwa natania. Niliporudi kutoka matangani niliishusha, nikaipangusa vumbi kwa ncha ya leso, nikaweka kidole changu juu ya ile alama. Hakienei. Habiba alikuwa na kidole chembamba cha msichana wa kukamua mbuzi, na mimi sasa nina vidole vya kizee vilivyovimba viungo. Nikakaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa. Nataka kuueleza mwaka ule jinsi ulivyokuwa, kwa sababu wanaoujua tumebaki wawili, na huyo wa pili siku zote huusimulia vibaya.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea mwisho, na ulikuwa mwaka wa mpunga mzuri. Mto ulikuwa umepanda na kushuka kwa adabu, ukatuachia tope nono, na watu wakapanda hadi kwenye mabonde waliyokuwa wameyasahau. Shule yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo chini kidogo ya Garsen, na mwalimu wetu, Mwalimu Danieli, alikuwa mtu wa papo hapo kijijini, mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Siku moja alituletea gunia la zawadi zilizotoka ng'ambo kwa watu wa kanisa. Hakuzigawa kwa kuchagua. Alisema, "Kila mmoja atie mkono bila kuchungulia. Kitakachoshikwa ndicho chake. Msije mkasema Danieli amependelea." Tukapanga mstari. Waliotangulia walitoa kalamu, vitana, mpira mmoja uliotoboka. Yonathani, mtoto wa dada yake mwalimu, alitoa kifurushi cha nyuzi na sindano, na darasa zima likapiga kelele, "Bibi harusi huyoo!" Mimi nikatia mkono, nikashika kitu chenye pembe, nikakivuta. Kilikuwa kiboksi chenye picha ya eropleni ikipasua mawingu. Kelele zikakatika ghafla kama mtu kafunika chungu.

"Lidya," Mwalimu akasema, "mpe Yonathani hiyo, naye akupe nyuzi. Hiyo ni ya wavulana."

"Mwalimu, imetoka na mkono wangu."

"Nimeona. Sasa badilishaneni."

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo kila mtoto wa mtoni alilijua kabla ya kujua kuhesabu. Kiboko akiuawa siku zile, nyama ilipangwa mafungu chini juu ya majani ya migomba, na mtoto mmoja aligeuzwa mgongo. Mzee aligusa fungu moja kwa fimbo na kuuliza, "Hili la nani?" Mtoto, bila kuona, alitaja nyumba. Akisema la kina fulani, basi ni lao, hata likiwa kwato tupu, na hakuna aliyenung'unika, wala hakuna aliyebadilishana hapo mbele za watu, kwa maana kurudisha mgao ni kumwambia yule mtoto amewaibia. Mgao haurudi. Kwa hiyo sikuwa nafanya ujeuri niliposema, "Mwalimu, mgao haurudi." Nilikuwa nasema kitu ambacho hata yeye alilishwa nacho.

"Hii si nyama," akasema, lakini niliona limempata, maana alipapasa kifungo cha shati. Kisha akapata njia ya kutokea. "Haya. Kitu hiki hujengwa. Ukikijenga kikawa kama picha hii kabla hatujamaliza mavuno, ni chako. Ukishindwa, Yonathani atakichukua bila maneno." Yonathani akanikonyeza. "Usipoteze vipande vyangu," akaninong'oneza tulipokuwa tukitoka.

Basi nikaenda nayo dunguni. Wakati mpunga unapotia maziwa, watoto wote wa kwetu huhamia shambani kuamia ndege, na jukwaa letu la miti, juu ya miguu minne, lenye paa la makuti, ndilo lilikuwa chumba changu cha kwanza maishani. Kulikuwa na mkeka, mtungi wa maji, chungu kidogo, rundo la madongo ya kurusha kwa kombeo, na kamba ndefu zilizofungwa mikebe, zikitambaa shamba zima kama mkono wenye vidole vingi. Ukivuta, mikebe inalia huko mbali na kundi la ndege linainuka kama moshi. Mimi nilikuwa na huruma ya kijinga. Nililenga pembeni yao, si wao. Bibi yangu, aliyenilea na aliyekuwa na macho makali kuliko mwewe, alinipigia kelele kutoka chini, "Lidya! Unawafukuza au unawapigia hodi?"

Juu ya mkeka ule nikakifungua kiboksi. Vipande vilikuwa vimeshikana kwenye vijiti kama samaki wadogo kwenye ubua. Neno plastiki hatukuwa nalo. Nilikigonga kipande kimoja kwa jino, nikakinusa. Si mti, si pembe, si bati. Kulikuwa na karatasi ya picha, na ndani yake mkono wa Mzungu usio na mwili ukidondosha tone la gundi kutoka kwenye kichupa laini. Kichupa chenyewe kilikuwamo, lakini kilikuwa kimekauka kwa safari, kigumu kama jino. Mkasi sikuwa nao, nilikuwa na wembe wa Bibi uliokwisha makali. Tupa ya kulainishia sikuwa nayo, nilikuwa na jani la msasa, lile linalokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nikakata, nikasugua, nikapanga vipande kwenye ungo. Niliona tayari ninavyokaa humo ndani. Niliona nikiinuka juu ya dungu, mikebe ikilia chini yangu, nikiufuata mto pinda kwa pinda hadi Ozi na kuuona unavyoingia baharini. Mtoto mwenye ndoto hata gundi haimshughulishi.

Habiba alinikuta hapo. Watu wake walikuwa wafugaji, Waorma wa ng'ambo ya pili, na kila asubuhi alivuka kwa mtumbwi na vibuyu vya maziwa kubadilishana na mchele na ndizi zetu. Alipanda ngazi ya dungu bila kuniomba ruhusa, akachuchumaa, akatazama ungo.

"Hii mifupa ya nini?"

"Eropleni."

"Ile ya kumwaga dawa ya nzige?" Akashika pangaboi, kile kipande cha mbele kinachozunguka, akakipuliza. "Hii nakula nini?"

"Haili."

"Kitu haili, nakaa namna gani?" Akanipa maziwa ninywe kwenye kifuniko cha kibuyu, yenye harufu ya moshi, akajiweka sawa kwenye mkeka kama mtu aliyeajiriwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, na changu kilikuwa na Kipokomo kikichungulia kila mlango, lakini tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na wengi waliosoma.

Gundi ya kwanza niliyoijua ilikuwa ulimbo, ule utomvu wa mkuyu ambao wavulana hupaka vijitini kunasia ndege. Nikaupaka, mabawa yakashika, nikashangilia. Lakini ulimbo kazi yake ni kubaki mbichi; haukauki. Nilipoinua eropleni, bawa likateremka polepole kama mzee anayekaa chini. Nikafikiri kama anavyofikiri mtu yeyote wa kwetu. Kila kitu nyumbani kwetu kilikaushwa juu ya uchaga, kwenye moshi wa mafiga: mbegu za mahindi, samaki, kamba mpya, hata mwiko uliochongwa jana. Kitu kikitaka kuwa kigumu, kinapandishwa uchagani. Nikaipandisha pale, katikati ya mahindi na kambare, nikaenda kuteka maji. Bibi hakujua, akachochea moto wa kupika ugali.

Niliporudi, bawa la kushoto lilikuwa limening'inia kama sikio la mbuzi.

Sikulia mbele ya Bibi. Nililia nyuma ya mgomba, na hapo ndipo Yonathani aliponikuta, akiwa anapita kwenda shambani kwao, akatunga wimbo papo hapo: "Eropleni ya Lidya, imekula ugali, imevimbiwa, imelala!" Kufikia jioni watoto wote wa mabondeni walikuwa wanauimba kutoka dungu hadi dungu, na wengine wakavuta mikebe kuupigia ngoma. Nami nilikuwa na kombeo mkononi, na siku hiyo kidogo nisilenge pembeni. Jirani yetu mmoja, mama mwenye sauti ya kupasua kuni, nilimsikia akimwambia Bibi jikoni, "Mpe yule kijana kitu chake, mama. Mtoto wa kike na dude la kuruka, ataruka nalo aende wapi?" Bibi akajibu, "Kwani wewe unataka aende wapi?" Kisha nikasikia kinu kikianza kutwangwa kwa nguvu, na maneno yakaishia hapo.

Habiba alipoona bawa lilivyokuwa hakucheka. Alilizungusha zungusha, akasema, "Sisi nyumba yetu ni fimbo. Fimbo nakataa kupinda, natia moto kidogo, napinda. Hii imepinda kwa moto? Natia moto kidogo, naacha kupinda." Tukachemsha maji dunguni kwenye kile chungu, tukalishika bawa juu ya mvuke kwa vijiti, tukilinyoosha polepole, tukipuliza vidole, huku ndege wakila mpunga wa Bibi bila kubughudhiwa. Likanyooka. Si kabisa. Ncha yake ilibaki imeinuka, kama mtu anayetaka kuuliza swali.

Ikabaki gundi. Hiyo niliipata kivukoni. Bibi alikuwa na ndizi za kuuza, tukapanda mtumbwi hadi Garsen, na pale kwenye pantoni, ile inayovutwa kwa kamba na wanaume wakiimba, lori lilikuwa linasubiri zamu ya kuvuka. Turniboi wake, kijana wa mizigo, alikuwa akimlalamikia dereva. Kitana chake kipya alikitia mfukoni pamoja na kitambaa kilicholowa petroli, na sasa kitana na kitambaa vilikuwa kitu kimoja. "Petroli inakula vitu hivi, fala wewe," dereva akamwambia. "Vinalainika kama uji, halafu vinaganda." Wengine waliokuwa pale walicheka. Mimi nilisimama nikiwa nimeshika mkungu wa ndizi, nikihisi kama mtu kanifungulia dirisha kichwani. Kikilainika huku, na kikilainika kule, nikavikutanisha, vikaganda, si vitakuwa kitu kimoja?

"Shikamoo, mjomba. Naomba petroli kidogo."

Dereva akanitazama kuanzia miguu. "Marahaba. Petroli ya nini, binti?"

"Ya eropleni."

Turniboi alicheka mpaka akashika tairi. "Mpe, bwana! Rubani ameishiwa njiani!" Dereva hakucheka sana. Aliniuliza ni kubwa kiasi gani, nikamwonyesha kwa mkono, akanijazia kichupa cha dawa ya macho, akakiziba kwa kipande cha gunzi. "Usisogee nayo motoni," akasema, "au utaruka kweli." Bibi hakuuliza harufu ile ilitoka wapi njia nzima, ila alinihamisha nikakae mwisho wa mtumbwi.

Siku tuliyoiunganisha, mvua ilikuwa imetupa kisogo na mpunga ulikuwa umeanza kupata rangi ya shaba. Unyoya wa kuku ulikuwa brashi yangu. Nikipaka petroli, Habiba anashika. Nikipaka tena, anashika tena, akihesabu kwa lugha yake mpaka kipande kigande. Kilichokuwa ungo wa mifupa kikawa na tumbo, kikawa na mkia. Bawa la kushoto ndilo lilikuwa bishi. Lilitaka kurudia kulala. Habiba akalikandamiza kwa kidole gumba mahali linapokutana na tumbo, akasema, "Wewe lala nione," akakaa hivyo hivyo, mkono hausogei, maziwa yake yakigandia kibuyuni, watu wake wakimwita kwa miluzi ng'ambo ya pili. Alipokiondoa kidole, mistari yake yote ilikuwa imebaki pale, duara ndani ya duara, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Nilitaka kuisugua kwa msasa. Akanishika mkono. "Wacha. Hiyo msumari yangu." Kisha tukaipaka rangi. Bluu ya kufulia niliikoroga na ute wa yai, na Habiba akaleta wanja wa dada yake, tukachora dirisha la rubani. Ilikuwa nzuri. Nimeona vitu vizuri vingi tangu siku hiyo, nimewahi hata kupanda ndege ya kweli kwenda Nairobi kutibiwa macho, na bado nasema ilikuwa nzuri.

Nikaipeleka shuleni kabla mpunga wa mwisho haujakatwa. Mwalimu Danieli aliiweka mezani kando ya picha ya kiboksi. Darasa lilisimama juu ya madawati kuona. Aliigeuza, akapuliza pangaboi likazunguka, na nikaona mdomo wake ukitaka kutabasamu, ukazuiwa. Yonathani ndiye aliyesema, "Mjomba, bawa limepinda. Kwenye picha halijapinda." Mwalimu akachukua rula, akailaza chini ya mabawa. Nuru ikapita kati ya rula na ncha ya kushoto.

"Tulisema kama picha," akasema.

"Mwalimu, imejengwa."

"Imejengwa, lakini si kama picha. Mpe."

Yonathani akanyoosha mkono. Nakumbuka kucha zake zilikuwa safi. Nikaichukua eropleni mezani, nikaishika kifuani, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Sitoi."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mwalimu Danieli neno hilo. Aliuinua mwanzi, akaushusha bila kunipiga. Nadhani ingekuwa rahisi kwetu sote kama angenipiga. "Basi chagua," akasema kwa sauti ya chini. "Iache hapa mezani ukae kwenye dawati lako. Au toka nayo, na usirudi mpaka urudi nayo mkononi kumpa mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi," nikasema, nikatoka. Nilipofika mlangoni nilisikia mtu akiuanza ule wimbo wa ugali, na mwingine akamwambia, "Nyamaza."

Mwalimu alikuja kwetu siku ya pili. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, nimechutama kando ya mtungi, na kila neno nililisikia. Bibi hakumwacha aanze. Alimwekea wali mpya, wa mpunga ule ule niliouamia, na mchuzi wa kambare, akamwambia, "Kula kwanza, mwanangu. Maneno hayachachi." Nilisikia akila. Kisha akasema, "Mama, mtoto ana akili. Arudi. Aje tu na kile kidude, yaishe."

"Ulipanga mafungu wewe?"

"Mama?"

"Lile gunia. Nani alisema watie mkono bila kuchungulia? Si wewe? Siku ile ya kiboko aliyeuawa pale kwenye pinda, nawe ukiwa mdogo hivi, nani aligeuzwa mgongo? Si wewe? Ukataja nyumba yetu tukapata kichwa. Kichwa, Danieli, chenye meno! Nani alikurudishia?"

Nikasikia kijiko kikikwangua sahani iliyokwisha.

"Nikimwachia huyu," akasema mwishowe, "kesho kila mtoto atanijibu."

"Wakikujibu uongo, wachape. Huyu amekujibu nini?"

Alishukuru kwa chakula, akaaga vizuri, akaondoka. Lakini amri yake hakuifuta, na mimi sikurudi. Bibi aliniuliza mara moja tu, akipepeta mchele, bila kunitazama, "Unaitaka shule?" Nikasema naitaka. "Na ile?" Nikasema naitaka pia. Akapuliza makapi. "Basi umeshachagua, usitazame nyuma. Kavute mikebe, ndege wanatumaliza."

Watu wakisikia habari hii hunisikitikia. Darasa la nne, wanasema, kwa ajili ya mchezo wa mtoto! Wasinisikitikie. Dawati lile nililipenda, harufu ya chaki naikumbuka mpaka leo, na yako mambo mengi ambayo ningeyasoma. Lakini ningekaa pale kila siku nikitazama kisogo cha mtu aliyechukua changu kwa sababu ya jinsia yangu na rula, na ningejifunza somo moja kubwa kuliko yote: kwamba mgao wa msichana hurudi. Somo hilo sikulisoma. Nililojifunza badala yake limenilisha. Mabeseni na madumu ya plastiki yalipofika Garsen, yakaanza kupasuka na watu kuyatupa, ni nani aliyejua kwamba kitu hiki ukikilainisha huku na kule kinakuwa kimoja? Nilikaa sokoni na kisu cha moto na vipande vya ndoo kuukuu, nikiziba madumu ya wafugaji na ya wakulima na ya maduka ya Wasomali. Habiba alikuwa akiniletea ya kwao yote, hata yasiyovuja, apate kukaa. "Lidya," aliwaambia watu, "mimi ndiyo mwalimu yake."

Pale matangani Minjila wanawake tulikaa mkekani na binti zake, na nilipotoka nje nikamkuta Yonathani kwenye kiti cha plastiki, na mkongojo wake katikati ya magoti. Alisoma sana, akafanya kazi ya ofisi mpaka akastaafu. Alinipa pole, nikampa pole. Kisha, kama nilivyojua atafanya, akaanza kuwasimulia vijana waliokuwa karibu jinsi alivyoniachia eropleni yake tulipokuwa wadogo.

"Uliniachia?" nikasema.

"Bado unayo?" akauliza haraka, na macho yake yakawa ya mvulana kabisa.

Alikuja jana. Nilimpikia wali. Niliishusha kabatini nikampa aishike, na alivaa miwani, akalipuliza pangaboi likazunguka, akaipapasa ncha ile iliyoinuka. Akafika kwenye alama. "Hii ni ya nani?" Nikamwambia. Akaweka kidole chake juu yake kama nilivyofanya mimi, nacho hakikuenea. Machozi yalinitoka, na yeye akajifanya anasafisha miwani. Nikamuuliza zile nyuzi zake zilikwenda wapi. "Mama alinishonea kaptula ya shule," akasema. "Ilidumu sana." Tukacheka mpaka akakohoa.

Jua lilipopoa akaushika mkongojo wake, akainuka, lakini mkono wa pili ulikuwa bado na eropleni. Akanitazama. Akaitazama. "Lidya," akasema kwa upole, "sisi ni wazee sasa."

"Ndiyo," nikasema, nikamkunjulia kiganja. "Karibu tena kesho. Sikupi."